Kiunzi cha mbao Mwambani: ni nini hasa kinachoifanya nyumba isimame?

Mjukuu wa Mwambani

Ndugu zangu, assalaam aleikum na habari za kazi.

Nina kiwanja Mwambani, Tanga, mwendo mfupi kwa miguu kutoka baharini, nilichorithi kwa marehemu bibi yangu. Palikuwa na nyumba yake ya miti na udongo, aliyoishi tangu mimi sijazaliwa, na mwezi uliopita tuliibomoa kwa sababu ilikuwa imekwisha kuinamia upande wa jikoni kiasi kwamba mlango wa uani haukufungika tena. Wakati wa kubomoa niliona jambo ambalo halijanitoka kichwani. Nguzo zote, moja baada ya nyingine, zilikuwa zimeoza mahali pale pale: usawa wa ardhi, kama upana wa kiganja juu na chini yake. Nilipochomeka bisibisi hapo ikazama hadi kwenye mpini. Lakini sehemu iliyokuwa juu, ndani ya udongo wa ukuta, ilikuwa ngumu kama ilivyokatwa, na hata ncha ya chini kabisa iliyotoka shimoni ilikuwa na nafuu kuliko ile shingo iliyooza.

Ninataka kujenga vyumba viwili na sebule kwa kiunzi cha mbao, kwa mtindo ule unaotumika sana Marekani na nchi za kaskazini ya Ulaya, ambapo kuta hufungwa kwa mbao nyembamba za inchi mbili kwa nne na kusimamishwa kwa siku chache. Majirani wananiambia kwamba nyumba ya mbao ni ya watu wa baridi, na kwamba huku pwani mchwa wataila kabla sijahamia. Maswali yangu ni mawili. Kwanza, kwa utaratibu, kila kipande hushikwa na kipi, maana nikiitazama michoro naona mbao nyembamba tu na sielewi zinabebaje paa. Pili, ikiwa miti mizima ya bibi ilioza na kuinama, mbao nyembamba kama hizo zitaishije mbele ya mchwa, mvua za masika na upepo wa kusi?

Fundi wa Majahazi, Bagamoyo

Wa aleikum salaam, mwanangu. Mola amrehemu bibi yako. Nimefanya kazi ya majahazi hapa Bagamoyo kwa muda mrefu kabla ya kuingia katika ujenzi wa nyumba, kwa hiyo utanivumilia nikirejea mara kwa mara kwenye chombo.

Nianze na ile shingo iliyooza, kwa sababu ndani yake mna jibu la nusu ya maswali yako. Mti huozeshwa na kuvu, na kuvu inahitaji maji na hewa kwa pamoja. Chini shimoni maji yapo lakini hewa ni kidogo. Juu ukutani hewa ipo lakini mti ni mkavu. Usawa wa ardhi ndipo viwili hivyo hukutana, na ndipo nguzo hufa. Sasa tazama nyumba ya bibi yako ilisimama kwa nini. Ilikuwa nayo ni nyumba ya kiunzi: nguzo za pembeni na za kati, mtambaapanya juu yake, makombamoyo ya kubeba makuti au mabati, na fito zilizofungwa pande zote mbili za nguzo ili kushika udongo uliotomewa. Lakini kilichoizuia isilale upande ni ule udongo wa kina cha mikono miwili uliozika miguu ya nguzo. Nguzo ilipooza shingoni, mshiko huo ulikatika, na nyumba ikaanza kuinama polepole, ingawa kila kitu cha juu kilikuwa kizima.

Kiunzi cha mbao hakizikwi hata kidogo. Hukaa juu ya msingi wa zege au wa mawe, mbali na ardhi, na kwa hiyo nguvu ya kutolala upande ni lazima itafutwe mahali pengine, yaani katika namna vipande vinavyofungamana. Hili ndilo jambo ambalo wajenzi wengi wa huku hawalizingatii wanapojaribu nyumba za mbao: huongeza unene wa nguzo, wakati ambapo tatizo halikuwa unene.

Fanya jaribio hili usiku wa leo. Chukua vipande vinne vya papi, yaani mbao nyembamba za kupigilia, vifunge viwe fremu ya pembe nne kwa msumari mmoja kila kona, halafu isukume kwa kidole pembe ya juu. Italala mara moja. Chukua kipande cha tano, hata kiwe chembamba kama ufito, kipigilie kwa mshazari kutoka kona hadi kona, kisha sukuma tena. Utashangaa. Pembe tatu haiwezi kubadili umbo lake mpaka kipande kimoja kivunjike au kichomoke, lakini pembe nne hubadilika umbo bila kitu chochote kuvunjika. Ukutani kazi hiyo hufanywa ama na ubao wa mshazari uliochimbiwa ndani ya nguzo, ama, vizuri zaidi, na mashiti ya plaiwudi yaliyopigiliwa ukuta mzima kwa misumari ya karibu karibu, kwa sababu shiti moja ni sawa na mishazari isiyohesabika. Hilo ndilo jibu la upepo wa kusi uliouulizia, mwanangu.

Sasa utaratibu. Juu ya msingi hulazwa mbao ya chini, na kati yake na zege huwekwa nailoni nzito au karatasi ya lami, kwa kuwa zege hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuukabidhi kwa mbao. Mbao hiyo hufungwa kwa bolti zilizokwisha kuzamishwa ndani ya zege bado bichi: bolti za milimita 12, zilizoingia zegeni walau sentimita 18, zisiachane zaidi ya mita moja na themanini, na kila kipande cha mbao kiwe na bolti karibu na kila ncha yake, ndani ya sentimita 30. Sisi tunaojenga karibu na bahari ni bora tusogeze bolti hizo ziwe kila mita moja na ishirini. Juu ya mbao ya chini husimama nguzo ndogo za mbili kwa nne, na juu ya nguzo hulala mtambaapanya. Mtambaapanya huwa wa mbao mbili zilizopandana, na maungio ya ule wa juu yasikutane na maungio ya ule wa chini. Yapishane walau sentimita 60, kama tunavyopishanisha maungio ya mbao za jahazi ili chombo kisifunguke mahali pamoja.

Umeuliza mbao nyembamba hubebaje paa. Mbao iliyosimama hubeba mzigo mkubwa sana kwa urefu wake; inachoshindwa ni kujizuia isipinde kuelekea upande wake mwembamba. Ukiisha kuipigilia shiti la plaiwudi upande huo, haiwezi tena kujipinda huko, na imebaki na upande wake mpana, ambao ni mgumu kupinda. Ndiyo sababu nyingi nyembamba zilizo karibu karibu hufanya kazi ya nguzo moja nene. Katika jahazi mataruma, yaani mbavu za chombo, ni hivyo hivyo: taruma moja peke yake unaweza kulitikisa kwa mkono, lakini yakiisha kufungwa kwa mbao za ubavuni huwezi tena kulitenga moja na jingine.

Nafasi kati ya nguzo haikuchaguliwa ovyo. Shiti la plaiwudi lina futi 4 kwa 8, na futi 8 ni inchi 96. Ukiziweka nguzo kila inchi 16, katikati hadi katikati, utapata nafasi sita kamili, na ukiziweka kila inchi 24 utapata nafasi nne, na kila mara ukingo wa shiti unaangukia katikati ya nguzo, mahali pa kupigilia. Ukuta wako wa futi 16 kwa nafasi ya inchi 16 unahitaji nguzo 13, kabla ya kuongeza za madirisha na milango. Ukikosea kwa nusu inchi nguzo ya kwanza, kosa hilo litakufuata hadi kona ya pili na kila shiti utalikata kwa msumeno.

Penye dirisha au mlango umekata nguzo, na mzigo wake ni lazima upite pembeni. Huwekwa lenta ya mbao mbili zilizosimama kwa upana wake, nayo ikalie nguzo fupi, na kila nguzo fupi ipigiliwe ubavuni mwa nguzo ndefu inayokwenda hadi juu. Usikubali fundi ainin'ginize lenta kwa misumari tu kati ya nguzo mbili. Nimeiona mara nyingi, na mara zote mlango umekuja kubana.

Mama Chumbageni

Fundi, shikamoo. Na wewe mwanangu wa Mwambani, hongera kwa kutaka kujenga penye asili yako.

Mimi nilijenga nyumba ndogo ya kiunzi cha mbao uani kwangu hapa Chumbageni, na nilifuata karibu kila jambo alilolisema fundi, isipokuwa moja ambalo sikulijua, nalo ni ukavu wa mbao. Nilinunua mbao za msonobari kwa muuzaji mmoja aliyeniapia kwamba zilikuwa kavu. Fundi wangu alipopiga msumari wa kwanza niliona maji yakichuruzika pembeni ya kichwa cha msumari, nikadhani ni dawa. Haikuwa dawa. Baada ya kiangazi kimoja nguzo mbili za ukuta wa sebuleni zilipinda kama upinde, dari ya jipsamu ikafanya ufa uliofuata mtambaapanya kutoka mwanzo hadi mwisho, na misumari ikachomoza vichwa kwa sababu mbao zilikuwa zimenywea na kuiacha.

Nilichojifunza baadaye, kwa gharama, ni kwamba mbao hunywea kwa upana na unene wake, lakini kwa urefu karibu hainywei kabisa. Kwa hiyo nguzo zilizosimama hubaki na kimo kile kile, huku mbao zilizolala, yaani mbao ya chini na mtambaapanya wa mbao mbili, zikipungua kila moja kidogo, na paa lote hushuka kwa jumla ya upungufu huo. Ukijenga kwa mbao mbichi ukuta mmoja na kavu ukuta wa pili, paa litashuka upande mmoja.

Siku hizi sinunui bila kushika vipande viwili vya kipimo kimoja, kimoja kila mkono, na kulinganisha uzito. Nikifika navyo nyumbani navipanga kivulini, juu ya matofali, na kati ya kila tabaka naweka vijiti vya unene mmoja vilivyonyooka kimoja juu ya kingine kutoka chini hadi juu, ili hewa ipite na mzigo ushuke wima. Ncha zote nazipaka rangi, maana mbao hukauka haraka zaidi kupitia nchani na ndiko hupasukia. Halafu nasubiri, na hapa ndipo mafundi hugombana nami, kwa sababu wao hulipwa kwa siku na mbao haina haraka.

Mjukuu wa Mwambani

Mzee wangu, shikamoo, na Mama, shikamoo. Nimefanya lile jaribio la papi na mtoto wangu alinisaidia kusukuma. Sasa nimeielewa nyumba ya bibi kuliko nilivyoielewa nikiishi ndani yake.

Bado nina mambo matatu. Mchwa hamjawagusa sawasawa. Pili, zimebaki boriti za mkoko zipatazo kumi na tano ambazo ni nzima kabisa ukikata ile shingo iliyooza. Je, nizitumie kama nguzo? Na tatu, paa nitalifungaje, maana majirani watatu waliezuliwa mabati mwaka ule wa kimbunga Hidaya, Mei 2024, ingawa kimbunga chenyewe kilipita mbali na sisi.

Mpima wa Pongwe

Nichangie mawili kwa haraka. Kabla ya yote, kachukue kibali cha ujenzi Halmashauri ya Jiji, na mchoro wako uonyeshe wazi kwamba kuta ni za kiunzi cha mbao. Kuhusu mikoko, za zamani ulizorithi ni zako, lakini usimwagize mtu akukatie nyingine huko Mwambani. Mikoko ni msitu wa hifadhi, na kuivuna bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu ni kosa.

Kama unatafuta mbao, msonobari unashuka kutoka Shume kule Lushoto, na mtiki unao jirani kabisa, Longuza wilayani Muheza. Ila usinunue mtiki kwa jina. Uimara wa mtiki dhidi ya mchwa uko katika moyo wa mti, ile sehemu ya kahawia, na si katika mbao nyeupe ya nje. Miti iliyovunwa michanga ina nyeupe nyingi, na mchwa huila hiyo nyeupe kama wanavyokula mti mwingine wowote.

Fundi wa Majahazi, Bagamoyo

Marahaba, mwanangu. Mwenzetu wa Pongwe amesema kweli.

Kuhusu zile boriti. Mti wa mkoko ni mti mzuri sana, na nyumba za mawe za pwani yote hii zilifunikwa kwa boriti hizo. Ndiyo sababu vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, kati ya mita mbili na nusu na tatu hivi, kwa kuwa boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba. Lakini usizichanganye na nguzo za mbili kwa nne. Boriti ni ya mviringo na kila moja ina unene wake, na shiti la plaiwudi linataka nyuso zilizo sawa bila kupishana, la sivyo litagusa nguzo moja na kuiruka ya pili, na nguvu niliyokueleza haitapatikana. Zijengee baraza. Zisimamishe juu ya vitako vya zege vilivyoinuka kutoka ardhini, usizizike tena, na bibi yako ataendelea kubeba kivuli cha mlangoni.

Sasa mchwa. Dawa ipo ya aina mbili, ya kwenye udongo na ya kwenye mbao, na zote zina faida, ila ninakuomba usiweke tegemeo lako lote hapo. Mbao za dawa, zile za rangi ya kijani, zimenywa dawa sehemu ya nje tu. Kila unapokata, unafungua mlango, kwa hiyo kila ncha mpya ipakwe dawa kabla ya kupigiliwa. Hiyo ni kazi ya dakika moja ambayo mafundi tisa kati ya kumi niliowahi kufanya nao kazi waliiruka, na mimi mwenyewe nimewahi kumrudisha kijana afumue ukuta mzima kwa sababu hiyo. Kabla ya kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu, ng'oa visiki na mizizi yote na uokote kila kipande cha ubao wa fomu, ule wa kuzuia zege bichi, kilichofukiwa, maana ukiwaachia chakula chini ya nyumba umewaita mwenyewe. Kisha inua msingi. Kwa kiwanja cha Mwambani ningekwenda sentimita 45 juu ya ardhi, na juu ya msingi, chini ya mbao ya chini, ningelaza bati jembamba lililotokeza nje kama sentimita tano na kukunjwa kuelekea chini.

Bati hilo haliui mchwa hata mmoja. Kazi yake ni kuwalazimisha wajenge njia yao ya udongo nje, mahali unapoweza kuiona. Mchwa wa ardhini hawatembei juani. Wakishindwa kupenya kwa siri watajenga mfereji wao wa tope kuuzunguka ukingo wa bati, na wewe ukipita kila mwezi na tochi utauona, utaukwangua, na utajua wanatokea wapi. Ndiyo maana usipande maua wala usirundike kuni ukutani. Wanaoliwa nyumba zao ni wale ambao ukuta wao umefichwa.

Maji ya mvua nayo yana kanuni hiyo hiyo. Usiubandike ubao wa nje moja kwa moja juu ya plaiwudi. Pigilia kwanza papi za wima juu ya kila nguzo, ili pabaki upenyo wa sentimita mbili ambamo maji yaliyopenya yatashuka na hewa itapanda. Mbao za nje zipandane walau sentimita mbili na nusu, na kila ubao upigiliwe kwa mstari mmoja wa misumari usiofika kwenye ubao ulio chini yake, kwa kuwa kila mmoja unavimba masika na kunywea kiangazi, na ukizifunga mbili kwa msumari mmoja, mmojawapo utapasuka. Paa litokeze mbele ya ukuta sentimita 60 hadi 90. Misumari na bolti zote ziwe zilizochovywa zinki, kwa sababu chumvi ya bahari hula chuma, na dawa ile ya kijani nayo huila.

La mwisho ni paa, na hapa ninasema kwa uchungu. Nyumba ya tofali hushikwa na uzito wake. Ya mbao haina uzito huo, na upepo unapopita juu ya mabati haulisukumi paa pembeni tu, bali hulinyanyua. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na Bagamoyo na kubomoa hata majengo ya misheni hapa, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba pwani yetu haina upepo wa namna hiyo. Msumari uliopigiliwa kuingia kwenye ncha ya nguzo, sambamba na nyuzi za mti, hushika vibaya sana ukivutwa. Unaweza kuuchomoa kwa kucha za nyundo bila kutoka jasho. Kwa hiyo kila kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, ifungwe kwenye mtambaapanya kwa mkanda wa bati nene lenye zinki, na mtambaapanya ufungwe kwenye nguzo kwa mkanda wa namna hiyo, na nguzo kwenye mbao ya chini, nayo tayari imeshikwa na bolti. Simama chini ya kenchi moja, uweke kidole juu ya mkanda wake, ukifuatishe hadi kwenye zege. Kidole kikikosa chuma mahali popote, hapo ndipo upepo utakapofungulia, na ufanye hivyo kwa kila kenchi, si kwa mbili za kona tu.

Mjukuu wa Mwambani

Nimewaelewa, wazee wangu. Mchoro wangu ulikuwa na msingi wa sentimita 15 na mbao za nje zimebandikwa moja kwa moja; vyote viwili nimevibadilisha jana. Mbao nitazinunua mwezi huu nizipange kivulini kama alivyoelekeza Mama, na kuta nitazisimamisha baada ya masika kwisha. Mama, ninaomba jambo moja dogo: vile vijiti vya kati ya tabaka unavikata kwa unene gani?

Mama Chumbageni

Inchi moja, mwanangu, na viwe vikavu kuliko mbao zenyewe, kwa sababu kijiti kibichi huacha doa la kuvu mahali kilipolala. Viweke kila futi mbili, na juu ya tabaka la juu kabisa ulaze mawe mazito, kwani hilo ndilo hupinda kwanza.